PICHA ZA UBONGO NA SONONA YA WAZEE WETU

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wetu mmoja, ambaye ni tabibu, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani. Tumeyachapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria. – Mhariri)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo la sayansi litakalowafaa vijana bila kuwalaza usingizi wazee. Nimetafuta jambo linalowahusu wote, nikalipata. Nitasema juu ya ugonjwa wa sonona kwa watu wazima wenye umri mkubwa, jinsi wataalamu wanavyoupiga picha ndani ya ubongo ili kuzipima tiba zake, na faida tunayoweza kuipata sisi watu wa Ushetu, ambao mashine hizo hatunazo.

UGONJWA WENYEWE

Mtu ninayetaka kumzungumzia mnamjua. Kuanzia Ulowa mpaka Bulungwa hakuna kijiji kisicho naye. Ni bibi wa miaka sabini hivi. Zamani alikuwa wa kwanza kuamka, akifagia uwanja kabla jua halijachomoza, na harusini sauti yake ndiyo iliyosikika kuliko zote. Mume amefariki. Watoto wamekwenda, mmoja yuko machimboni Kakola, mwingine Geita, wa tatu anauza duka Kahama mjini. Sasa bibi huyu hali chakula, usiku hapati usingizi, na mchana anakaa ndani gizani. Ukimwuliza anaumwa nini, atakwambia mgongo, kesho kifua, keshokutwa kichwa. Ukimsalimu hajibu. Ukimtuma jambo amesahau.

Watu husema nini juu yake? Wa kwanza husema, "Ni uzee tu." Wa pili husema, "Anadeka." Wa tatu husema kwa kunong'ona, na huyo ndiye wa kuogopwa: "Yule bibi ana mambo yake."

Ndugu zangu, tunajua mnong'ono huo umetufikisha wapi. Katika mkoa wetu wa Shinyanga, na kwa jirani zetu wa Mwanza na Geita, bibi zetu wengi wamekatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na ushahidi ulikuwa macho mekundu waliyoyapata kwa moshi wa jikoni. Aibu hiyo imeandikwa na wataalamu wetu wenyewe tangu miaka ya 1970, wala haijafutika. Sisemi kwamba kila aliyeuawa alikuwa mgonjwa. Nasema kwamba mzee anayejitenga, asiyejibu salamu, anayezungumza peke yake usiku, ndiye anayenyooshewa kidole upesi. Kwa hiyo kuijua sababu ya ukimya wake ni jambo la uhai na kifo.

Sonona si huzuni ya matanga. Huzuni ya kufiwa huja na kuondoka kama mawimbi, na katikati yake mtu huweza kucheka akimkumbuka marehemu. Sonona hukaa. Tabibu huanza kuifikiria pale mtu anapokuwa amepoteza furaha au hamu ya mambo karibu siku zote, sehemu kubwa ya siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi, tena pamoja na dalili nyingine kama kukosa usingizi, kukosa hamu ya chakula, kuchoka bila kazi, kujiona hana thamani, au kutamani kufa. Kwa wazee ugonjwa huu una ujanja wake: mara nyingi mgonjwa hasemi kwamba ana huzuni. Husema mwili unauma, na akili hupungua kasi hata watu wakadhani amepatwa na ugonjwa wa kusahau.

UBONGO ULIVYOANZA KUPIGWA PICHA

Ubongo wa mtu mzima kwa kawaida una uzito usiofika kilo moja na nusu. Ni kitu kidogo, lakini hula karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zote za mwili uliopumzika. Kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuuona ukifanya kazi, kwa sababu umefungiwa ndani ya fuvu.

Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua miale ya eksirei. Eksirei huonyesha mfupa vizuri, lakini ubongo hauonekani kwa sababu ni laini na umezungukwa na mfupa. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya CT kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Mashine hiyo hupitisha eksirei kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukokotoa na kuchora ubongo kipande kwa kipande, kama mtu anayekata mkate.

Vijana wa mchepuo wa sayansi, hapa fungueni masikio. Hesabu za kazi hiyo zilikuwa zimekwisha kufanywa na mtu mwingine, Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Mwaka 1956 alikuwa mhadhiri wa fizikia mjini Cape Town, akapewa kazi ya muda katika hospitali ya Groote Schuur, na hapo ndipo alipoanza kujiuliza swali hilo. Aliyachapa majibu yake mwaka 1963 na 1964, na karibu hakuna aliyeyajali. Mwaka 1979 yeye na Hounsfield walipewa Tuzo ya Nobel. Swali lililoanzia katika hospitali ya Afrika limeingia katika hospitali zote kubwa za dunia.

Baadaye ikaja MRI, ambayo haitumii eksirei. Sumaku yenye nguvu huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo katika maji ya mwili, mawimbi ya redio huzisukuma, nazo zikirudi mahali pake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kwamba damu yenye oksijeni na damu iliyopungukiwa oksijeni hutofautiana mbele ya sumaku hiyo, na kwa njia hiyo ikawezekana kuona ni sehemu gani ya ubongo inafanya kazi wakati mtu anafikiri. Iko pia PET: mgonjwa hudungwa sukari au dawa yenye mnunurisho kidogo, na mashine hutazama inakwenda wapi na kutumika kiasi gani.

PICHA ZIMEFUNDISHA NINI JUU YA WAZEE

Nitataja mafunzo matatu.

La kwanza ni madoa meupe. MRI ya ubongo wa mzee mara nyingi huonyesha madoa meupe ndani kabisa ya ubongo, palipo na nyuzi zinazounganisha sehemu moja na nyingine. Niwape mfano wa majaruba ya mpunga. Mfereji mkuu ukianza kujaa tope, jaruba lililo karibu na maji haliathiriki. Linalokauka kwanza ni lile la mwisho kabisa. Vivyo hivyo mishipa midogo ya damu ya ubongo: ikiharibiwa na shinikizo la damu, kisukari, tumbaku na umri, sehemu za ndani zilizo mwishoni mwa mishipa ndizo zinazokosa damu. Madoa haya wapo wazee wazima wengi walio nayo, lakini yameonekana kuwa mengi zaidi kwa wazee wenye sonona, hasa wale ambao ugonjwa uliwaanza uzeeni. Mwaka 1997 mabingwa wa Marekani, akiwamo George Alexopoulos, walitoa hoja kwamba iko sonona inayotokana na mishipa ya damu. Wagonjwa wa namna hiyo huwa wazito katika kupanga mambo na kuamua, na dawa za kawaida mara nyingi huwasaidia kidogo kuliko wengine.

Maana yake nini kwa mtu wa kawaida? Maana yake ni kwamba yule bibi hadeki. Ubongo wake una njaa ya damu. Tena maana yake ni kwamba ugonjwa unaoonekana kama wa moyoni waweza kuwa ulianzia kwenye presha ambayo hakuna mtu aliyeipima kwa miaka ishirini.

Fundisho la pili linafuata la kwanza. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa Marekani uitwao SPRINT MIND. Watu wa miaka 50 na zaidi wenye shinikizo la damu waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilitibiwa mpaka kipimo cha juu kishuke chini ya 120, jingine chini ya 140. Baadhi yao walipigwa MRI mwanzoni na tena baada ya miaka minne hivi. Katika makundi yote mawili madoa meupe yaliongezeka, lakini kwa wale walioshushwa zaidi yaliongezeka kidogo kuliko kwa wenzao. Uchunguzi ule haukuwa wa sonona, lakini ulionyesha kwa picha kwamba jaruba la mwisho laweza kulindwa. Sisemi kila mzee ashushwe kiasi hicho, maana wapo wanaopata kizunguzungu na kuanguka. Kiasi ataamua tabibu.

Fundisho la tatu ni juu ya kuchagua tiba. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nguvu, na dawa ya kwanza haimponyi kila mtu. Mgonjwa wa miaka themanini hana wiki nyingi za kupoteza kwa kujaribu dawa isiyomfaa. Kwa hiyo wataalamu wamekuwa wakitafuta alama ndani ya ubongo itakayowaambia mapema. Huko Baltimore, Gwenn Smith na wenzake wamewapiga wazee wenye sonona picha za PET kabla ya matibabu na baada yake, wakitazama jinsi ubongo unavyotumia sukari na jinsi dawa inavyofanya kazi. Mwaka 2013 Helen Mayberg na wenzake, wakichunguza watu wazima ambao hawakuwa wazee, waliona kwamba sehemu moja ya ubongo iitwayo insula ilitofautiana kati ya waliopona kwa mazungumzo ya tiba na waliopona kwa vidonge. Ambao insula yao ilikuwa imepoa walielekea kupona kwa mazungumzo. Ambao ilikuwa imechangamka mno walielekea kupona kwa vidonge.

MIPAKA YA PICHA

Hapa lazima tuseme kweli, maana wako watu wanaouza maneno. Tofauti hizi zimeonekana kwa kulinganisha kundi na kundi. Mpaka leo hakuna picha ambayo tabibu anaweza kuishika mkononi akasema kwa yakini, "Huyu ana sonona, na dawa yake ni hii." Sonona hutambuliwa kwa kumsikiliza mgonjwa na kuwauliza watu wa nyumbani kwake. Mtu akikwambia lete pesa nikupige picha ya mawazo, mkimbie.

Lakini kuna wakati picha ni ya lazima. Mzee akianguka na kugonga kichwa, hata kidogo, damu inaweza kuvuja polepole chini ya fuvu kwa muda wa wiki nyingi. Huanza kupooza, kusahau, kusinzia na kukosa hamu, na nyumbani wakasema ni huzuni au uzee. Picha ya CT katika hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza, huionyesha damu hiyo, na daktari wa upasuaji huweza kuitoa. Kadhalika mzee akibadilika ghafla, akilegea upande mmoja, akiumwa kichwa kisichokoma, au akipata kifafa kwa mara ya kwanza, asingoje.

Mashine nazo zinaanza kusogea. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Uganda, wahandisi wa huko pamoja na wenzao wa ng'ambo waliunga MRI ndogo hapo hapo chuoni, kwa ajili hasa ya watoto wenye vichwa maji. Sumaku yake ni dhaifu sana ikilinganishwa na ya mashine kubwa, na picha yake si kali, lakini haihitaji jengo la pekee wala umeme mwingi. Mbarara siyo mbali na sisi. Kijana wa shule hii anaweza kufanya kazi hiyo, mradi asiikimbie fizikia kidato cha pili.

TIBA ISIYONGOJA MASHINE

Mtauliza, basi wakati tunangoja, yule bibi afanyiwe nini? Jibu lipo, tena limepatikana Afrika.

Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, vijiji 30 viliingizwa katika uchunguzi ulioongozwa na Paul Bolton. Wananchi wa kawaida walifundishwa kwa wiki mbili tu jinsi ya kuongoza vikundi vya mazungumzo. Watu wenye dalili za sonona walikutana mara moja kwa wiki, wanawake kwa wanawake na wanaume kwa wanaume, kwa wiki 16, wakizungumza juu ya misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha. Mwishoni, katika vijiji vyenye vikundi waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5; katika vijiji visivyo na vikundi walikuwa asilimia 54.7. Hapakuwa na mashine yoyote pale zaidi ya mkeka na maneno.

Zimbabwe nako, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 mjini Harare kuwafundisha akina bibi kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye kile wanachokiita kwa Kishona kufungisisa, yaani kuwaza mno. Sisi husema "mawazo mengi." Matokeo yaliyochapwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi sita, walioketi na bibi walikuwa na dalili za sonona kwa uchache sana kuliko wenzao. Uchunguzi huu wa nchi mbili haukuhusu wazee peke yao. Lakini tazameni ajabu yake: kule bibi ndiye tabibu. Mtu yule yule ambaye huku kwetu ananyooshewa kidole, kule anapewa benchi na watu wanapanga foleni kumwona.

Wazee wetu hawakuwa wajinga walipotaka mfiwa asiachwe peke yake. Walijua kwa uzoefu kile ambacho leo kinapimwa kwa takwimu.

Vidonge navyo vina kazi yake, wala tusivibeze. Lakini kwa mzee dawa huanzwa kwa kiasi kidogo, na baadhi, kama amitriptilini, zinaweza kumletea kizunguzungu, kufunga choo na kuchanganyikiwa. Asipewe dawa ya jirani. Na akianza kutumia asiache baada ya siku tano kwa kuwa hajaona nafuu.

TUFANYE NINI

Namalizia kwa mambo manne, na ninaomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, vijana. Mtakapokwenda likizo, kila mmoja wenu akae na babu au bibi yake na kumwuliza mambo matatu: Unalala? Unakula? Kitu gani bado kinakufurahisha? Muulize kwa lugha ya nyumbani, Kisumbwa, Kisukuma au Kinyamwezi, maana mambo ya moyoni hayasemwi kwa lugha ya shuleni. Akikosa jibu la swali la tatu, wiki hii na wiki ijayo, mpeleke zahanati.

Pili, mzee akisema "nimechoka kuishi," asichekwe wala asikemewe. Mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake, na apelekwe kwa tabibu siku hiyo hiyo. Na sisi wakulima wa tumbaku na pamba, tuache kuweka dawa za wadudu chini ya kitanda. Zifungiwe kwa kufuli, mbali na chumba cha kulala. Mtu anayetaka kufa akikosa sumu karibu, mara nyingi saa ile mbaya hupita, na akabaki hai.

Tatu, wanafunzi wa zamani. Tumekuwa tukichangia fulana na ng'ombe wa sherehe, na ni vizuri. Napendekeza mwaka huu kila mwaka wa kuhitimu ununue kipimo cha presha kimoja kwa ajili ya zahanati ya kata yake, na benchi moja la mbao liwekwe chini ya mti nje ya zahanati hiyo. Kipimo kitalinda jaruba la mwisho. Benchi mnajua kazi yake. Nitakuwa tayari kuja kuwafundisha watakaokaa hapo, bila posho.

Nne ni letu sote, hasa sisi tulio na sauti mikutanoni. Miaka ya 1981 na 1982 sungusungu lilianza huku huku kwetu, mpakani mwa Kahama na Nzega, watu walipochoka kuibiwa ng'ombe. Yuyu ilipopigwa hakuna aliyelala. Lakini kwa mzee mnyonge anayesingiziwa, wengi wetu tumelala usingizi mzito. Siku mnong'ono utakapoanza kijijini kwako juu ya bibi asiyejibu salamu, simama useme mbele ya watu: "Huyu ni mgonjwa, na ugonjwa wake unatibika." Sema hivyo hata kama sauti inatetemeka. Wataalamu wametumia mashine za mamilioni kutuonyesha kwamba ni kweli. Kazi iliyobaki ni ya mdomo, na mdomo kila mmoja anao.